"Mnatangazwa" au "mnatangaziwa": jibu kwa karani wa mtaa

Binti mmoja anayejitolea ukarani katika ofisi ya serikali ya mtaa hapa Tanga mjini ameniandikia hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Niliandika tangazo la mkutano wa mtaa nikaligongomea kwenye mwarobaini ulio mbele ya ofisi. Lilianza hivi: 'Wakazi wote wa mtaa mnatangazwa kuwa siku ya Jumamosi saa 3 asubuhi kutakuwa na mkutano wa usafi na ulinzi.' Mzee mmoja akalisoma mpaka mwisho, akaniita, akaniuliza: 'Mwanangu, tumepotea wapi hata tutangazwe?' Watu wakacheka, mimi sikujua nimekosea nini. Naomba unieleze kitenzi kutangaza kinatumikaje kwenye sentensi, na kina tofauti gani na kueneza na kusambaza, maana mimi huyaona yote ni mamoja. Na kama ningeandika 'mnajulishwa', ningekuwa salama?"

Marahaba, binti yangu. Mzee huyo amekufundisha kwa swali moja jambo ambalo wengine tumelihangaikia darasani muhula mzima, kwa hiyo nitaanzia pale pale aliposimama yeye.

Hapa kwetu anayetangazwa ni nani? Mtoto akimpotea mama yake sokoni Mgandini, akaokotwa na watu akapelekwa msikitini, haupiti muda utasikia kipaza sauti: "Kuna mtoto wa kiume, umri wake kama miaka 4, amevaa fulana nyekundu na kandambili ya mguu mmoja, mwenyewe aje amchukue." Mtoto huyo ametangazwa. Wachumba wanaotaka kufunga ndoa kanisani hutangazwa Jumapili tatu. Mgombea aliyeshinda hutangazwa, na mhalifu anayetafutwa hutangazwa pia. Katika yote hayo mtu mwenyewe ndiye habari. Yeye ndiye anayepelekwa masikioni mwa wengine. Ndipo mzee aliposhangaa: sentensi yako ilimgeuza yeye na majirani zake kuwa habari, nao wamesimama pale pale chini ya mwarobaini wanaisoma.

Ulikusudia kuandika "Wakazi wote wa mtaa mnatangaziwa kuwa…" Kilichopungua ni irabu moja tu, hiyo -i- inayotangulia -wa. Mkutano unatangazwa, wakazi wanatangaziwa. Yaseme maneno hayo mawili kwa sauti mara mbili tatu na sikio litashika lenyewe. Ukipita Ngamiani jioni ukakuta bajaji iliyofungwa spika juu, msikilize kijana anavyoanza: "Tangazo, tangazo, tangazo! Wananchi wote wa Makorora na Msambweni mnatangaziwa…" Nimewasikiliza vijana hao miaka mingi na sijamsikia hata mmoja akisema "mnatangazwa". Hawakujifunza kanuni. Wanasema kama walivyosikia, na kusikia kwao ni kuzuri.

Nadhani najua kosa lako lilikotoka. Umezoea kuona kwenye barua za ofisi "mnajulishwa", "mnafahamishwa", "mnakumbushwa", "mnaombwa". Maneno hayo yote yanamshika mtu moja kwa moja na yote ni sahihi, nawe ukaona "mnatangazwa" ni ndugu yao. Kumbe si ndugu. Hapa nataka tukae kidogo, maana ukilielewa hili hutahitaji kukariri kingine chochote katika jibu langu.

Chukua kila kitenzi ukirudishe kwenye shina lake, kisha uulize: ni nani, au ni nini, kinachofanya tendo la shina hilo? Julisha imetoka kwenye jua. Anayejua ni nani? Ni mtu. Kwa hiyo kujulisha ni kumfanya mtu ajue, na mtu ndiye anayeshikwa na kitenzi: nimemjulisha, nimewajulisha, mnajulishwa. Fahamisha imetoka kwenye fahamu, na anayefahamu ni mtu. Kumbusha imetoka kwenye kumbuka, na anayekumbuka ni mtu. Sasa tangaza. Imetoka kwenye tangaa. Kinachotangaa ni nini? Ni habari, ni sifa, ni siri. Mtu hatangai, labda jina lake. Kwa hiyo kutangaza ni kuifanya habari itangae, na habari ndiyo inayoshikwa na kitenzi: nimeutangaza mkutano, wamekitangaza kifo, matokeo yametangazwa. Ukitaka kitenzi hicho kimshike msikilizaji, sharti umfungulie mlango, na mlango wenyewe ndiyo hiyo -i-: kuwatangazia wakazi mkutano, wakazi kutangaziwa mkutano.

Mizani hiyo hiyo inapima kueneza na kusambaza. Kinachoenea na kinachosambaa ni kitu, si msikilizaji. Ndiyo maana "wananchi wameenezewa uvumi" ni sawa, na "wananchi wameenezwa uvumi" si sawa. Na "askari wamesambazwa mitaani" maana yake wamepangwa huku na huku. Hakuna atakayedhani wamepelekewa ujumbe. Angalizo dogo: "mnaarifiwa" ina -i- lakini si -i- ya kumfungulia mtu mlango. Arifu ni neno la asili ya Kiarabu linaloishia na -u, na ya namna hiyo yakitendwa hupata -iwa tu: arifu, arifiwa, jibu, jibiwa. Kuarifu tangu mwanzo humshika mtu, kama kujulisha. Usije ukatafuta "mnaarifwa", haipo.

Basi swali lako la mwisho limejibika: "mnajulishwa" ingekuwa salama kabisa, na mzee angepita zake. Ila sikushauri ulikimbie neno kwa sababu limekuumiza mara moja. Kujulisha naweza kukufanya mlangoni kwako, wewe peke yako, kwa sauti ya chini. Kutangaza hakufanyiki mlangoni. Kunataka uwazi, watu wengi, na kutochagua nani asikie. Mkutano wa mtaa ni jambo la kutangazwa.

Tangaa yenyewe ni neno ninalolipenda, na nasikitika naliona linasahaulika. Wazee wetu wa Pangani na Tongoni walikuwa nalo mdomoni: "jambo lishatangaa hilo", "sifa zake zimetangaa mpaka Lushoto". Mimi siwezi kusikia kutangaa bila kusikia ndani yake kutanga, kule kutanga na njia, kuzunguka bila kituo. Habari iliyotangaa imeshatoka nyumbani, imeshika njia, haiitiki tena. Na ona tofauti ya sentensi hizi mbili. "Habari za ugonjwa wake zimetangaa": hatujui nani kasema, wala kitenzi hakimtafuti. "Habari za ugonjwa wake zimetangazwa": hapo yuko mtu, hata kama hajatajwa, na msomaji ana haki ya kuuliza ni nani. Ndivyo zilivyo pia zimeenea na zimeenezwa, zimesambaa na zimesambazwa. Hiyo -z- ndogo inamsimamisha mtendaji mbele ya watu. Unapoandika jambo la watu, chagua kwa makini, kwa sababu kuandika "habari zimeenezwa" ni kumshitaki mtu.

Mfano bora kuliko wote wa kutangaza uko kwenye matangazo ya vifo ya redio, yale tuliyokulia nayo tangu enzi za Redio Tanzania, nyumba nzima ikinyamaza. "Bwana Fulani wa Chumbageni, Tanga, anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, kilichotokea jana alfajiri…" halafu: "Habari ziwafikie…" na majina yanafuata, mjomba aliye Korogwe, shangazi aliye Mombasa, ndugu, jamaa na marafiki popote pale walipo. Tazama ilivyojengwa. Mwanzo yupo mwenye neno, kwa jina na mahali anapokaa. Kisha kitenzi kimeshika kifo, yaani habari yenyewe. Wasikilizaji hawajatajwa kabisa ndani ya sentensi ya kwanza. Wanakuja kwenye ya pili, na huko habari imekuwa ndiyo mtendaji: inatembea, inawafikia. Sarufi yote ya kutangaza imekaa ndani ya maneno hayo machache, na nilipokuwa nafundisha niliwaambia wanafunzi wayaandike bila kubadilisha kitu.

Hiyo "Bwana Fulani wa Chumbageni" ndiyo inayonipeleka kwenye tofauti uliyoniuliza. Kutangaza kuna mwenyewe. Anayetangaza anasimama mahali, anaonekana, na akiulizwa kesho atajibu. Zamani katika miji hii ya pwani jumbe au liwali akiwa na neno alimtuma mtu kupiga mbiu, ile pembe inayopulizwa, na watu wakajua kuna jambo. Methali ingali hai: mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mgambo hapo ni wito wa watu wote, si askari mgambo. Mpiga mbiu hakuwa na neno lake mwenyewe. Alibeba neno la aliyemtuma, na kila aliyesikia alijua limetoka baraza gani. Tangazo lako kwenye mwarobaini ni mbiu hiyo hiyo. Wewe karani umetumwa, mwenye neno ni mwenyekiti wa mtaa.

Kwa kuwa kuna mwenyewe, wakati mwingine kutangaza kunatenda kuliko kuarifu. Mwenye mamlaka akilitamka neno, hali ya mambo inabadilika hapo hapo: kutangaza vita, kutangaza hali ya hatari, kutangaza siku ya mapumziko. Katiba yetu ya 1977, katika ibara ya 41(7), inasema mgombea akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi kwamba amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Ona uzito uliobebeshwa neno ametangazwa. Huwezi kuweka pale "ameenezwa" wala "amejulishwa". Ukiandika sentensi za namna hii una uhuru wa kuweka "kuwa" au kuiacha: "alitangazwa mshindi" na "alitangazwa kuwa mshindi" zote zinakubalika. Na mtu akijipa mwenyewe, "alijitangaza mshindi", basi kwenye hiyo -ji- msikilizaji anaelewa kwamba hakuna mwingine aliyemtangaza.

Kueneza ni kazi nyingine. Kutangaza kuna tarehe, kueneza kuna muda. Azimio la Arusha lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mwishoni mwa Januari 1967, likatangazwa tarehe 5 Februari mwaka huo, kisha likaenezwa: mikutano, redio, matembezi ya kuliunga mkono, walimu darasani. Vijitabu vyake vikachapishwa na kusambazwa. Vitenzi vyote hivyo kwa jambo moja, na hakuna kinachokaa kwenye kiti cha mwenzake. Ukiniambia "Azimio lilienezwa tarehe 5 Februari" nitakuuliza, kwa siku moja? Kueneza ni kuifanya habari, imani, elimu au ugonjwa ushike eneo, uingie ndani ya watu polepole kama mafuta kwenye kitambaa. Katibu Mwenezi wa chama hana siku ya kumaliza kazi yake. Na kueneza hakuchagui wema wala ubaya: watu hueneza dini, hueneza elimu ya lishe, hueneza chuki, hueneza kipindupindu.

Kusambaza kunataka kitu cha kugawika. Nakala, vyandarua, mbegu, umeme, maji, ujumbe wa simu. Elimu inaenezwa, vitabu vinasambazwa. Mwalimu mmoja anaweza kueneza elimu bila kusambaza karatasi hata moja, na karatasi elfu zinaweza kusambazwa zisieneze chochote. Anayesambaza ni mpitishaji. Kimetoka mkono huu kikaingia mkono ule, na si lazima awe amekitunga, wala si lazima awe amekisoma. Hiyo ndiyo hatari yake, na hapa, binti yangu, niruhusu nikusimulie jambo la nyumbani kwangu.

Miaka michache iliyopita dada yangu mkubwa alilazwa. Siku ya tatu ya kulazwa kwake, baada ya swala ya Alasiri, wanawake wawili walifika nyumbani kwake Ngamiani wamejitanda kanga, mmoja kabeba mkeka kwapani, mwingine mfuko wa mchele. Shemeji yangu alikuwa kibarazani anakula chungwa. Wakamshika mikono, wakamwambia, "Pole, shemeji, kazi ya Mungu." Akabaki na chungwa mkononi, anawatazama. Kufika Magharibi baraza limejaa, vijana wanaulizana turubai litatoka wapi, na dada yangu yuko kitandani hospitali, anakunywa uji. Ulikuwa ujumbe wa simu, una jina lake kamili na picha yake ya Iddi. Nilikaa usiku ule nikaufuatilia, mtu kwa mtu, nikawapigia watu saba. Kila mmoja aliniambia neno lile lile: "Mwalimu, mimi nimetumiwa tu, nimeupeleka kama nilivyoupokea." Nilimtafuta aliyesema, sikumpata. Watu saba wamesambaza, hakuna hata mmoja aliyetangaza.

Alifariki kweli miezi minne baadaye. Tulikwenda msikitini kabla ya Alfajiri, mimi na shemeji, na baada ya swala likasomwa tangazo kwa kipaza sauti: jina lake, binti wa nani, mke wa nani, mtaa, na kwamba maziko ni baada ya Adhuhuri. Simu zikaanza. "Mwalimu, safari hii ni kweli?" Niliulizwa hivyo mara sita kabla jua halijapanda, na kila mara nilijibu, "Ni kweli, nimetangaza mwenyewe." Kwa hiyo ukiniambia maneno haya unayaona ni mamoja, nakuelewa, maana kwenye simu yanafanana. Lakini mimi nimeyaona yakitofautiana mlangoni kwa dada yangu.

Sheria nayo imeliona hili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, katika kifungu cha 16, inamtia hatiani anayechapisha habari huku akijua ni ya uongo au ya kupotosha, tena kwa nia kama ya kukashifu au kudanganya umma, na kuchapisha huko hakuishii kwenye magazeti. Kunagusa na kupitisha kwa simu na kompyuta. Kwa hiyo katika kundi la mtaa la WhatsApp, ukiwa karani, andika "Natangaza kwa niaba ya mwenyekiti" pale unapotangaza, na usipeleke lolote la kuokota.

Kuna matumizi mengine ya kutangaza ambayo kamusi huyapitia haraka na barazani ndiyo yanayouma. Kumtangaza mtu. "Amenitangaza mtaa mzima": ametoa siri zangu, ameniaibisha. Hapa mtu ameshikwa na kitenzi moja kwa moja, tena kwa makusudi, kwa sababu amefanywa habari. Mzee wako wa mwarobaini huenda alilisikia na hili ndani ya "mnatangazwa". Wengine husema "ameniumbua" au "amenianika", na huyo wa kuanika mimi namwona kabisa, nguo zako za ndani zimetundikwa kwenye kamba ya uani na majirani wanapita. Wazee walituonya kwamba penye kuku wengi hapamwagwi mtama.

Na ujihadhari na -i- pia, maana si kila mara ni ya msikilizaji. "Amenitangazia siri yangu." Je, amenisimulia mimi? Hapana, siri ni yangu na ninaijua. Amewasimulia wengine, na hiyo -i- inasema mimi ndiye niliyeumia. Ni kama "amenifia mtoto": mtoto kafa, mimi nimefiwa. Kwenye tangazo la ofisi mkanganyiko huo hautokei, kwa sababu mkutano hauna wa kumuumiza, lakini ukiandika hadithi au barua ya malalamiko utauona. "Umewatangazia watu siri yangu" ni wazi zaidi kuliko "umenitangazia siri yangu", ila ya pili ina machungu zaidi. Chagua kulingana na moyo wa sentensi.

Yaliyobaki nitayapitia haraka. Kunadi ni kutangaza kwa ajili ya kuuza au kuvutia: mnadi wa mnada hunadi bidhaa, mgombea hunadi sera. Kuvumisha ni kulipa jina au jambo mvumo. Halina mwenyewe kama uvumi usivyo na mwenyewe, na kwenye karatasi ya ofisi halina kazi. Kuchapa ni kupiga chapa kwenye karatasi, kuchapisha ni kutoa kwa umma kilichochapwa, kwa hiyo mwandishi huchapisha kitabu na mashine hukichapa. Mji huu una historia ya kuchapa: gazeti la Kiongozi lilikuwa likichapwa hapa hapa Tanga, kwenye shule ya serikali wakati wa Wajerumani, mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia vilipolizima. Kupasha kunataka "habari" iandamane nako, "kuwapasha watu habari". Ukisema "nimempasha" peke yake, mtaani utaeleweka umemkemea.

Taarifa na tangazo nazo zisichanganywe. Taarifa ina mpokeaji maalumu, tangazo ni la kila mwenye macho. Sheria ya Ndoa ya 1971 inalionyesha vizuri: wanaokusudia kuoana wanampa msajili taarifa siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa, kisha msajili ndiye anayelitangaza kusudio hilo ili mwenye pingamizi alilete. Taarifa inatolewa kwa msajili. Tangazo linabandikwa kwa ajili ya watu wote. Na ukishakuwa na tangazo usilitangaze tena, "kutangaza tangazo" ni kurudia. Tangazo hutolewa, husomwa, hubandikwa. Na "tangazo hili limetolewa", si "imetolewa". Hilo nimeliona kwenye karatasi nyingi zenye mihuri mizuri. "Ametangaza rasmi" mimi siipendi. Ofisi ikitangaza, urasmi uko ndani tayari.

Sasa tulirudie tangazo lako. Mimi ningeliandika hivi:

TANGAZO

Wakazi wote wa mtaa mnatangaziwa kuwa kutakuwa na mkutano wa usafi na ulinzi siku ya Jumamosi, saa 3 asubuhi, katika uwanja wa ofisi ya mtaa. Kila kaya itoe angalau mtu mmoja. Atakayelisoma tangazo hili amjulishe na jirani yake.

Limetolewa na Mwenyekiti wa Mtaa.

Umeona nimeviweka vitenzi vyote viwili: wakazi wametangaziwa, jirani atajulishwa, kila kimoja mahali pake. Mbele ya neno Jumamosi ongeza tarehe na mwezi, kwa sababu karatasi hukaa kwenye mwarobaini hata Jumamosi tatu zikapita na watu wakaja siku siyo. Chini ya "Limetolewa na" liandikwe jina la mwenyekiti, saini yake na tarehe ya siku lilipotolewa. Kisha, kabla hujaligongomea, mpelekee yule mzee alisome yeye wa kwanza.